Baridi ya Uchindile

Uchindile, 8 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Katindiuka na mavuno ya mpunga? Sisi wazima, na tumeongezeka: nimejifungua mtoto wa kike hapa zahanati. Alizitangulia siku zake kidogo, ni mdogo, lakini ananyonya.

Mama, kinachonitisha ni baridi. Tangu Deus apate kazi shamba la miti tukahamia huku, sijaona kipupwe cha namna hii. Ukungu unapenya kwenye mbao za nyumba hadi kitandani. Deus ameziba kwa magunia, bado asubuhi nyayo za mtoto ni baridi kabisa. Mama yangu mzazi angekuwepo ningemuuliza yeye. Nifanyeje? Simu huku haishiki. Jibu mpe Balbina muuza mchele, anakuja huku na treni.

Mwanao,
Eveline

Katindiuka, 14 Juni

Mwanangu Eveline,

Marahaba, na hongera kwa uzazi! Huku hatujambo, mgongo tu unanisumbua. Nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka jirani Paulina akaja kuuliza kulikoni.

Sikiliza. Washeni jiko la mkaa, mliingize chumbani, mfunge mlango na dirisha joto lisitoke. Deus nilimlea hivyo kule Mahenge. Nampa Balbina blanketi na kiroba cha mkaa mzuri, hautoi moshi.

Mama yako,
Mama Deus

Uchindile, 22 Juni

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mzigo ulifika, asante.

Usishtuke, sote tu hai. Tuliwasha jiko kama ulivyosema. Chumba kikapata joto zuri, nikasinzia. Nilizinduka kichwa kinapasuka, nikatapika. Nikamwita Deus, akajibu kama mlevi. Miguu ilimkatalia, akatambaa na mtoto hadi nje, kisha akarudi kunivuta. Mtoto alikuwa amelegea, halii. Ile hewa ya nje ilipompiga ndipo akalia, na Deus naye akalia.

Nesi Luciana anasema mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, haina harufu. Ametufundisha kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, sweta juu yetu wote. Nikichoka Deus ananipokea. Wenzake wanamcheka, naye anawaambia, "Chekeni, mwenzenu nina joto."

Mama, hukujua. Nasi hatukujua.

Mwanao,
Eveline

Uchindile, 6 Julai

Mama,

Shikamoo. Treni zinapita, Balbina anashuka mikono mitupu. Anasema ulisoma barua yangu, ukaikunja, ukaenda shambani. Deus anadhani umeudhika kusikia anabeba mtoto kifuani. Mimi sidhani hivyo. Njoo, mama.

Mwanao,
Eveline

Katindiuka, 28 Julai

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Nilifika nyumbani salama. Mjukuu wangu anaongezeka?

Kuna neno nililoshindwa kulisema nikiwa kwako. Nilipanda treni nia yangu niombe radhi mlangoni, nigeuke nirudi. Hata kumtazama mtoto niliogopa. Nawe hukunipa nafasi. Ulisema tu, "Mama, fungua sweta, mimi nimechoka," ukamweka kifuani kwangu palepale. Nilisikia moyo wake unavyokwenda mbio, nikaketi naye hapo mlangoni. Ukadhani ni uchovu wa safari.

Jana nilikwenda kwa Paulina, binti yake amejifungua. Nikakuta jiko linaingizwa chumbani. Nikalibeba mwenyewe hadi uani, nikaungua kidole. Paulina akaja juu: "Si wewe uliyetuambia tufanye hivi?"

Nikamwambia nilikosea. Nikamkalisha binti, nikamfunga mtoto kifuani kama ulivyonionyesha, mpaka akasinzia.

"Haya umejifunzia wapi?" Paulina akauliza.

"Kwa binti yangu wa Uchindile."

Akanikazia macho. "Una binti tangu lini? Si una Deus tu?"

"Ninaye," nikamwambia. "Anaitwa Eveline."

Mama yako