Daku la Seli Zilizolala

Shika Adabu, Jumanne, 1996

Nyonga inaniuma, na leo ni kwa debe, si kwa saratani.

Kosa ni la daktari. Asubuhi kamweleza mama kwa nini saratani ya damu imenirudia: dawa huua seli zilizo macho, lakini zile zinazozaa wenzao zimelala ndani ya uboho, mle kwenye mfupa wa nyonga, hazina habari.

"Basi si ziamshwe?" mama akasema.

Alasiri kaja na Mzee Bakari, anayetuamsha daku kwa debe lake kila Ramadhani. Mzee kaliegemeza debe kwenye nyonga yangu, kapiga. "Amkeni mle daku!" Halafu kamgeukia mama.

"Bi Mwanasiti, zikila daku si zitafunga? Dawa ya kesho mchana zitailaje?"

Wallahi wamebishana mpaka magharibi. Mwishowe mama kaamua ziambiwe ni Idi. Mzee Bakari kapiga, "Idi mubarak!" na majirani wakaitikia dirishani.

Nimecheka hadi machozi. Kesho naiogopa. Dawa ile ilivyonifanya mara ya kwanza...

Mzee Bakari alipoondoka, mama kainamisha sikio kwenye nyonga yangu, akauliza polepole, "Zimeamka?"

"Zimeamka, mama."

Ndipo akalia.