Nyama ya wifi

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unakumbuka mama alivyomwandama wifi? Miezi tisa! Nyama ikimkwama mama kooni, kosa la mke wa kaka. "Mtoto wangu kaoa mpika viatu." VIATU, shoga! Wifi anazidi kuchemsha tu.

Mpaka siku ile niliyokupigia nalia, kipande kilipomkwama kabisa, hata mate hayapiti. Hospitali wakamwingiza kamera. Daktari akasema umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, limekuwa jembamba: asidi ya tumbo imepanda miaka na miaka mpaka ikaacha kovu. Wakalipanua kwa kipira kidogo cha kujaza hewa.

Mama akauliza, "Kwa hiyo si nyama?"

"Si nyama, mama."

Na wifi kasimama palepale! Mama akageukia ukuta.

Sasa leo ndiyo mara ya kwanza daktari kamruhusu nyama, ikatwe vidogo, itafunwe taratibu. Wifi kaibandika kwa woga, gesi ikaisha katikati. Shoga, nyama ngumu hiyo! Kaka anatafuna macho yamemtoka. Mimi changu nimekitemea kwenye leso.

Mama akakata kipande chake kama punje. Akatafuna weee, akameza. Sote tumemkodolea macho shingoni.

Kikapita!

Akaweka kijiko chini, machozi yanamlenga. "Mwanangu," akamwambia wifi. Hajawahi kumwita hivyo, hajawahi! "Mwanangu, leo ndiyo umejua kupika."

Wifi hakubisha. Akamwongezea.