Harusi Yangu, Homa Yako

Tibirinzi, Chake Chake

Mdogo wangu Khairat,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na karafuu zimekauka vizuri. Mama anazidi kusahau, lakini wewe hajakusahau. Kila jambo hulifunga kwako. Nikimtajia harusi yangu, husema, "Siku ile Khairat aliposhikwa na homa." Kifo cha baba kwake ni mwaka ule ulipokwenda Unguja kusoma. Mimi ninayemwogesha kila asubuhi huniita "bibi wewe".

Nikwambie kweli, nakuonea wivu, hata simu zako mara nyengine sipokei makusudi.

Juzi alikataa kula. Nilipochoka kumbembeleza nikamwambia, "Mama, ni mimi Khairat, nimerudi." Akacheka, akanywa uji wote. Kisha akaniuliza, "Na dada'ko Kazija yuko wapi?"

"Yupo jikoni," nikamjibu.

"Mwite aje ale. Yule hali mpaka sote tushibe."

Nikatoka uani, nikalia. Njoo umwone mama, Khairat, ila usije wiki hii. Bado nataka kumsikia akiniulizia.

Dada yako,
Kazija