Bobi Amewaleta Kwale Wote Watatu

Baba yangu kipenzi,

Bobi hajaenda Kasulu. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeuliza habari za mbwa kabla ya kuuliza zangu.

Unakumbuka kule bondeni? Ulikuwa unarusha kwale aliyekufa kwenye majani marefu, mimi nimemshika Bobi shingoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: amfuate ndege kwa macho mpaka anapoangukia, apakumbuke, kisha aende moja kwa moja akamlete. Mimi nikawa namwonyesha kwa kidole. Bobi akazoea kutazama kidole, ndege anaanguka huku yeye kanikodolea macho. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wewe ndiye unamharibu," uliniambia. "Mwache aone mwenyewe."

Ulipofariki niliendelea peke yangu, nikavuruga vizuri tu. Kwale sikuwa nao, nikamfundishia mabawa ya kuku. Wiki ya pili akaniletea jogoo wa mama mchungaji, mzima, hata unyoya haukutoka, akamweka miguuni pangu mbele ya wanakwaya. Baba mdogo aliposikia akaja na kamba. Alisema mbwa wa kuwinda ndege hafundishwi na mwanamke, huyu atakwenda Kasulu kulinda stoo yake ya maharage. Niliumia, baba. Bobi ndiye kazi pekee tuliyoianza pamoja, mimi na wewe.

Nikaomba jaribio moja. Jumamosi akaja na kwale watatu waliokufa mtegoni, akawarusha mwenyewe, kila mmoja upande wake, wa tatu ng'ambo ya kijito. Mikono yangu niliifunga ndani ya kitenge nisije nikanyoosha kidole. Bobi akamleta wa kwanza, akamleta wa pili, kisha akasimama. Akageuza kichwa kuelekea kijito, akavuka, akatoka na kwale mdomoni. Hakunusanusa popote. Nililia na kucheka kwa pamoja, wala sioni aibu kukwambia.

Baba mdogo alikunja kamba yake akaondoka. Jana amepiga simu: amepata mtoto wa mbwa, anaomba nimfundishie. Nimekubali, ila nimemwambia waje wote wawili, maana wa kufundishwa kwanza ni mwenye mbwa. Nilidhani atanikatia simu. Ameuliza aje saa ngapi.

Pumzika, baba. Huku tunaendelea.

Binti yako, mwalimu wa mbwa