Jina Langu Liko Kasha

Jumatatu, 8 Mei
Umeme umerudi mchana. Nimemaliza mchoro wa mbuzi na wa mwalimu kwa kitabu cha darasa la pili. Mbuzi ametoka vizuri kuliko mwalimu.

Nikiwa bado kwenye kompyuta nimeangalia tarehe za tovuti yangu. Muda wa jina lake unaisha mwisho wa Juni. Jina lenyewe ni langu: Nabintu, nukta, com. Lakini kwa msajili, yaani kampuni inayotunza majina ya tovuti, limeandikwa kwa Pacifique. Alilinunua alipokuja kujitambulisha nyumbani. Zawadi. Tuliachana Januari, bila matusi: yeye alitaka tukaishi Luhwindja kwenye kazi yake ya dhahabu, mimi sikutaka kutoka hapa Nguba, Bukavu.

Akinyamaza tu bila kulipia tena, jina linapotea. Michoro yote iko pale, barua pepe pia, na wateja hawajui njia nyingine ya kunipata. Naogopa.

Jumatano, 10 Mei
Nimechagua msajili wangu mwenyewe. Yule wa Ulaya anadai namba ya posta ya mtaa. Bukavu haina. Nimeandika sufuri tupu, amekataa. Yule wa Amerika ni rahisi mwaka wa kwanza, halafu anakukamua. Tena anataka kadi ya benki.

Wa Kinshasa ni ghali kidogo, lakini analipwa kwa simu na ukipiga mtu anapokea. Nimemuuliza jambo moja tu: siku nikitaka kuondoka, mnaniachia? Amesema ndiyo, tunakupa kodi yako siku hiyo hiyo. Hiyo kodi si ushuru, ni maneno ya siri yanayofungua jina lihame. Bei ya kuingia sikuitazama sana. Nilitazama mlango wa kutokea. Kwa wanaume sikufanya hivyo.

Sasa inabaki kodi ya Pacifique.

Ijumaa, 12 Mei
Kesho wazee wetu wanapanda Kasha, kwa akina Pacifique, kurudisha mahari. Tangu Januari mimi na yeye hatuongei. Ndivyo ilivyopangwa: maneno yote yapitie kwa wazee. Basi nimemweleza shangazi habari ya kodi, mara mbili, polepole. Ameitikia sana. Kuitikia kwa namna hiyo kunanitia wasiwasi.

Jumamosi, 13 Mei
Nimeshinda nyumbani nikichambua sombe, majani ya muhogo. Shangazi amerudi jioni, amechangamka, kasiksi, pombe ya ndizi, inanukia mdomoni. Ng'ombe wamepokelewa. Vikwembe, vile vitenge alivyopewa mama yangu, vimepokelewa. Halafu amefika kwenye tovuti.

Alianza kuniombea kodi, kumbe baba mdogo Cizungu hajawahi kusikia habari hiyo. Akauliza nani alinunua. Akaambiwa ni Pacifique. Akasimama, akatengeneza koti.

"Basi ile site iko ya kwenu. Muchukue. Shiye atutabakia na kitu ya batu, ata kimoya."

Baba yake Pacifique akauliza: "Iko wapi, tuibebe?"

Wakapiga makofi, wakapeana mikono. Shangazi anasema tumeonekana watu wa heshima. Kwa heshima hiyo, ukoo wangu umetoa jina langu pamoja na ng'ombe.

Jumapili, 14 Mei
Misa. Baba mdogo amenisalimia kanisani akitabasamu. Sikuweza kumchukia. Nimejaribu.

Alhamisi, 18 Mei
Natafuta jina lingine. Yaliyo mazuri yamechukuliwa. Yaliyobaki yanafanana na majina ya dawa za mbu. Na hata nikipata, nani atamwambia kila mteja kwamba nimehama? Nina hasira na watu wote wenye adabu wa mji huu.

Jumatatu, 22 Mei
Nimevunja mpango. Nimemwandikia Pacifique mwenyewe. "Naomba kodi ya jina. Nabintu." Nilifuta salamu, nikairudisha, nikaifuta.

Jumatano, 24 Mei
Mvua. Nimechora darasa zima la watoto na wote wana uso mmoja.

Jumamosi, 27 Mei
Amejibu. Herufi na namba, mstari mmoja. Hakuna habari gani, hakuna kwaheri. Imeniuma, ingawa mimi ndiye niliyeanza ubahili wa maneno. Nimewapa watu wa Kinshasa kodi, nimelipa. Wamesema nisubiri siku chache.

Ijumaa, 2 Juni
Jina limehama. Nimeingia asubuhi kabla ya chai. Mwenye jina: mimi, majina yote matatu. Nimebadilisha neno la siri. Barua pepe zinaingia, mteja wa Uvira anauliza bei.

Kisha nimeona tarehe ya mwisho. Si mwaka ujao, kama nilivyolipia. Ni miaka mingi mbele. Nimedhani wamekosea, nikapiga simu. Mama aliyepokea ameangalia taratibu.

"Atukukosea, maman. Njo vile ilitufikia. Ule alikuwa nayo alilipa ya miaka mingi mu mwezi wa tano, mbele ya kuiachilia."

Nimemshukuru. Nimekaa. Nimelia kidogo, kisha nimenawa uso na kuweka maji ya chai.

Shangazi na baba mdogo sitawaambia. Watataka kupanda Kasha kuirudisha hiyo miaka.