Noti ya Mjerumani

Bwera, Alhamisi, 1969

Laiti ningemwambia kweli wiki iliyopita.

Mama Kavira, mkimbizi kutoka Butembo, aliniletea noti ya Mjerumani ambayo baba yake, mpagazi katika vile vita vya kwanza vya dunia, alirudi nayo kutoka Tabora. Niliitambua mara moja: karatasi duni ya wakati wa vita, na sahihi iliyotiwa kwa mkono. Mzungu mmoja wa mgodini hukusanya noti kama hizo. Angetoa fedha za kutosha mjukuu wa mama huyu, aliyelazwa hospitalini, apasuliwe.

Lakini nilitaka kumlalia, niinunue mimi kisha nimuuzie mzungu. Nikakunja uso. "Ni chafu mno, mama. Nani ataitaka?"

Leo amerudi akicheka.

"Mwalimu, angalia! Nilifula na sabuni, nikatia wanga ya muhogo, nikapiga pasi. Sasa iko mweupe kuliko kanzu ya padiri. Leta franga!"

Wino umesambaa. Sahihi imefutika kabisa. Nilimwambia haina bei.

Akauliza, "Na ile ya chafu, ilikuwa na bei?"

Juzi padri alinipaka mafuta ya wagonjwa. Najua sina siku nyingi. Kama kuna wakati wa kusema kweli, ulikuwa ule.

"Hapana, mama," nikasema.

"Aksanti, Mwalimu. Basi sikuharibu kitu."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda kumtoa mjukuu wake hospitalini bila kupasuliwa.