Sevo Ulizoziacha Mezani, Fanueli

Ni mwaka mmoja sasa, Fanueli, tangu ulipopima kitu kwa mara ya mwisho kwenye mizani yako ya barua. Ipo palepale, kwenye meza ya dirishani, nyumbani kwako juu ya barabara ya Irente, na mshale wake umetulia kwenye sifuri. Mwaka huo wote, kila Jumamosi mkeo Raheli aliinua ndege ya povu uliyoiacha bila kuimaliza, akapangusa vumbi chini yake, kisha akairudisha vilevile, pua ikielekea milima ya Magamba. Akishamaliza aliketi kwenye kiti chake, kile cha upande wa jikoni. Chako hakikukaliwa.

Wengi Lushoto wanakukumbuka ukiwa nyuma ya dirisha la posta, ukilamba stempu za wazee wasioona vizuri na kuwasomea anwani kwa sauti ya chini ili foleni isisikie mambo yao. Ofisi ilipopunguza wafanyakazi, hukulaumu mtu. Katika mnada wa vitu chakavu ulinunua mizani ile, ukaja nayo nyumbani umeikumbatia kama mtoto aliyelala. Ukafungua kibanda cha kutengeneza redio pamoja na rafiki yako Zuberi, wakati ambapo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa na kila duka linaleta televisheni. Watu walibeba televisheni. Wewe ulibaki nyuma yao ukiomba lile povu jeupe, gumu na jepesi, lililofungiwa ndani ya boksi.

Kutokana na povu hilo ulichonga ndege. Rimoti ya kwanza uliachiwa na mtaalamu wa mradi wa hifadhi ya udongo aliporudi kwao Ujerumani, na vijiti vya kuvutia mkia uliving'oa kwenye miavuli iliyovunjika, ambayo mji wetu haujawahi kupungukiwa nayo. Ndege zako hazikuwa za kwenda mbali. Zilikuwa za kucheza angani: kubiringika, kuruka kichwa chini miguu juu na, jambo ulilolipenda kuliko yote, kusimama wima juu ya uwanja wa shule, pua juu mkia chini, kana kwamba zimetundikwa kwenye msumari.

Ulitufundisha, bila kutuchosha, kwamba uhai wa ndege kama hiyo umo katika sevo. Ndizo zile mota ndogo, kila moja kama kiberiti, zinazopokea amri ya rimoti na kugeuza vibawa na usukani wa mkia. Salma, mfanyabiashara wa Korogwe anayekwenda Dubai, ndiye aliyekuletea. Hatujasahau alivyozimwaga mezani huku akicheka.

"Shemeji Fanueli, watu wazima wananiagiza friji. Wewe unaniagiza meno ya panya!"

"Umezibeba kwa mkono, au umezitupa kwenye mzigo?"

"Nimezibeba kwenye mkoba wangu, pamoja na wanja. Ukiona imeng'aa ujue imepakwa."

Ulicheka, lakini tayari ulikuwa umeiweka ya kwanza kwenye mizani. Sevo yenye meno ya plastiki, nyepesi, uliiita barua. Ile yenye meno ya chuma, ngumu lakini nzito, uliiita kifurushi. Hukuanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Uliuliza bawa la povu linahitaji nguvu kiasi gani, ukasema kuwa kila kinachozidi hapo ni mzigo unaobebwa bure. Uliizungusha kwa kidole karibu na sikio ukisikiliza kama inakwaruza. Ulisukuma kijiti cha rimoti, ukakiachia, ukatazama kama mkono wa sevo unarudi katikati bila kusitasita. "Kurudi katikati," ulisema, "ndiyo adabu yake." Isiyorudi uliiweka kando, hata kama ilikuwa mpya.

Ndege ya mwisho ulimchongea Raheli. Ulikuwa umemfundisha Jumapili nyingi baada ya ibada, ukisimama nyuma yake bila kugusa rimoti, naye akazoea kuizungusha ndege yako juu ya uwanja kwa mduara mpana, basi. Ulitaka apate yake, na ulitaka siku moja aisimamishe wima kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye mabawa uliweka sevo za plastiki bila kujiuliza mara mbili. Mkiani ndipo ulipokwama, kwa kuwa ndege inaposimama wima mkia ndio unaofanya kazi yote. Ulipanga mezani mbili za plastiki na mbili za chuma, ukazitazama siku kadhaa kama mtu anayesubiri zijitetee.

Jioni ile Raheli alikuwa akimenya viazi. Ulimgeukia.

"Mama Modesta, unataka ndege isiyovunjika, au ndege inayoshuka taratibu?"

"Nataka chumvi," alisema. "Na duka linafungwa sasa hivi."

"Nimekuuliza swali la maana."

"Na mimi nimekujibu la maana. Kimbia, Baba Modesta."

Ukaenda, unacheka. Ukarudi na chumvi. Asubuhi kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali ya Bumbuli, na kabla ya adhuhuri moyo wako ulikuwa umesimama. Chumvi ile tuliila matangani.

Ndiyo maana, Fanueli, mkeo hakuruhusu mtu yeyote aguse meza. Sisi ndugu zako hatukuelewa mwanzoni. Tulidhani ni huzuni ya kawaida, ya kutotaka kuondoa vitu vya marehemu. Modesta, binti yenu, alikuwa amerudi chuoni Morogoro, na nyumba ilikuwa imebaki na mtu mmoja. Tulimwendea tukamwomba ahamie kwetu Mlola, apate watu wa kusalimiana nao asubuhi. Tulisema tutampa chumba chenye jua. Alitusikiliza kwa heshima, akatuandalia chai, halafu akasema, "Baba Modesta aliniuliza jambo. Nikishamjibu, nitawaambia."

Hakuna aliyethubutu kumuuliza ni jambo gani. Baadaye sana ndipo alipotueleza habari ya viazi na chumvi, na kwamba kila jioni wakati uleule alikuwa akiishika sevo ya plastiki mkono mmoja na ya chuma mkono wa pili, akijaribu kupima tofauti yake kwa viganja. Alituambia kwamba kumaliza ndege kulimwogopesha kuliko kutoimaliza. Swali likiwa bado mezani, ilikuwa kana kwamba umetoka kidogo tu, unarudi kusikia jibu. Akishajibu, nyumba itanyamaza kabisa.

Zuberi alipita kila alhasiri akitoka kibandani. Tunakutajia hilo kwa sababu ungependa kujua kwamba rafiki yako hakumtupa mkeo.

"Onga mshi, shemeji!" alimsalimu kwa Kisambaa kutoka mlangoni. "Leo tunaweka za chuma?"

"Leo hatuweki kitu, Baba Husna."

"Chuma, shemeji! Plastiki ni ya vijiko vya watoto. Marehemu alikuwa fundi, lakini kwa sevo alikuwa bahili wa gramu. Angeweza kuipunguza hata sala yake ili iwe nyepesi."

"Usimseme, anakusikia."

"Ndiyo nataka anisikie. Huko aliko hana wa kubishana naye."

Raheli alicheka, Zuberi akaendelea na njia yake, na jioni ikawa ndefu kama nyingine zote.

Siku mbili kabla ya ibada ya kumbukumbu yako, Modesta alifika kutoka Morogoro. Alimkuta mama yake ameketi mezani na bisibisi yako ndogo, mkia wa ndege umefunguliwa. Raheli hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nimeamua za plastiki. Baba yako ananijua. Mimi ni mtu wa kuangusha vitu, na ninachokiogopa ni kuanguka kwa kishindo." Alizipima zote mbili kwenye mizani kabla ya kuzifunga, ingawa alijua zina uzito gani. Alizisikiliza. Akasukuma kijiti, akakiachia, zikarudi katikati.

Basi, Fanueli, baada ya mchungaji kuomba kaburini na kabla ya watu kula, tulipanda wote hadi uwanja wa shule. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Julai, baridi unaijua. Raheli alivaa koti lako la posta, mikono ya koti ikiwa imekunjwa. Zuberi aliishika ndege juu ya kichwa.

"Shemeji, nikirusha hairudi mkononi. Una hakika?"

"Rusha, Baba Husna, kabla sijakimbia."

Ikaruka. Ilizunguka mduara ule mpana ulioujua, mara ya kwanza na mara ya pili, na watu wakapiga makofi wakidhani imetosha. Kisha tukaona pua inapanda. Ilipanda polepole, mkia ukitetemeka na kujirekebisha, ukitetemeka na kujirekebisha, hadi ndege yako ikasimama wima juu ya goli la upande wa bonde. Haikudumu. Lakini ilisimama, na sote tuliiona.

Ukungu wetu hauombi ruhusa, nawe ulikuwa mwangalifu kuuchungulia bondeni kabla ya kurusha. Sisi siku hiyo tulisahau, kila mtu akidhani mwenzake ametazama. Ukungu ulipanda kutoka upande wa Mombo ukafunika goli, ukafunika uwanja, na ndege ikazama ndani yake. Tulisikia mota tu, mahali fulani juu.

"Ongeza moto!" Zuberi alipiga kelele. "Ipandishe juu ya ukungu, shemeji! Ipandishe!"

"Nikiipandisha itakwenda bondeni."

"Ukiiacha itaanguka!"

"Iache ianguke," alisema Raheli. Akazima mota.

Alivuta kijiti cha mkia hadi mwisho, kuelekea kifuani mwake, akakishikilia hapo. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha sote, na hivyo ndivyo sote tulivyokuwa tumesahau: ndege nyepesi ikiinuliwa pua bila moto haipigi mbizi, hukaa juu ya hewa na kushuka kama jani. Lakini lazima iwe nyepesi kweli. Hatukuona kitu. Hatukusikia kitu. Modesta alitaka kumshika mama yake bega, akaogopa kumtikisa mkono. Pale ukunguni kila mmoja wetu alikuwa peke yake, na yeye zaidi ya wote.

Kisha, chini ya uwanja, kikasikika kishindo kidogo, kama kikapu kinachowekwa chini na mtu aliyechoka. Baada yake ikaja sauti ya jirani yenu Mwanaisha kutoka bustanini kwake:

"Mama Modesta! Kuna mgeni wenu huku kwenye kabeji zangu!"

Watu walicheka hadi wengine wakalia, au walilia hadi wakacheka, hatuwezi kutofautisha. Tulishuka tukaikuta imeketi kati ya matuta mawili, mabawa mazima, pua ina udongo. Raheli alijaribu usukani. Sevo moja ya mkia ilikuwa ikiteleza na kukwaruza: jino moja la plastiki lilikuwa limevunjika.

"Si nilisema chuma!" alisema Zuberi. "Ya chuma ingekuwa nzima."

"Ingekuwa nzima," Raheli alikubali, akipangusa udongo kwa pindo la koti lako. "Ndege ndiyo ingekuwa vipande. Sevo inaagizwa, Baba Husna."

Hilo ndilo jibu lake, Fanueli. Limechelewa mwaka mzima, tunakufikishia.

Jioni hiyo, wageni walipokwisha kuondoka, tulimkumbusha kwa upole habari ya Mlola. Tulimwambia chumba bado kipo. Alisema anashukuru, lakini amekwisha kumpigia simu Salma, na Salma anakwenda Dubai baada ya mwezi wa Ramadhani kumalizika. Hawezi kuhama wakati anangoja sevo. Tulimuuliza, je, ikishafika? Alisema ikishafika itabidi apime.

Hatutaki kukudanganya kwamba amepona. Bado anapika sufuria ile kubwa na kumpelekea Mwanaisha kinachobaki. Bado, redio ikitangaza habari za saa mbili, hugeuka kuona kama umesikia. Kesho yake Modesta alirudi chuoni, na jioni nasi tukashuka zetu. Tulipofika kwenye kona tuligeuka tukaiona taa ya dirishani. Chini yake mkeo alikuwa ameketi, sevo iliyovunjika i sikioni mwake, akiizungusha kwa kidole. Mara hii alikuwa ameketi kwenye kiti chako. Cha upande wa jikoni ndicho kilichokuwa kitupu.

Unakumbukwa na mkeo Raheli; binti yako Modesta; dada zako Shukrani na Ndekirwa; kaka yako Abrahamu na familia yake ya Mlola; rafiki na fundi mwenzako Zuberi pamoja na Mama Husna; Salma wa Korogwe; majirani zako wa Irente, na wote uliowasomea anwani kwa sauti ya chini.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Jina lake libarikiwe. Nasi, kila ukungu utakapopanda kutoka bondeni na kutufunika, tutanyamaza kidogo tusikilize, na daima tutakukumbuka.